Kuweka Windows 11 katika Laptopu Isiyotimiza Masharti

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba zinazotumika hapa Mombasa, kama HP EliteBook 840 G3, zikabaki njia panda. Bado zina nguvu za kutosha, lakini Windows 11 inazikataa kwa kuwa inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kuzitupa ni hasara isiyo ya lazima.

Hakikisha kwanza kwamba mashine yako kweli haitimizi masharti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha usome toleo lililoonyeshwa. Wakati mwingine TPM 2.0 imo ndani ila imezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, ambako kwa Intel huitwa PTT na kwa AMD fTPM. Kizazi cha prosesa husomeka katika jina lake: i5-6300U ni ya kizazi cha sita. Core 2 Duo isijaribiwe kabisa, kwani matoleo ya Windows 11 kuanzia lile la 24H2 (la mwaka 2024) yanahitaji amri za SSE4.2 ambazo prosesa hiyo haina, na hakuna programu inayoweza kuziba pengo hilo.

Nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Kisha pakua ISO, yaani faili moja lenye Windows 11 nzima, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ina zaidi ya GB 5, kwa hiyo tafuta intaneti ya waya badala ya kumaliza bando la simu. Chomeka flashi ya GB 8 au zaidi, ambayo yaliyomo yatafutwa, fungua Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kuwekea Windows, chagua ISO hiyo na ubonyeze START. Katika dirisha litakalotokea, weka alama kwenye kisanduku cha kuondoa masharti ya RAM ya GB 4, Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) na TPM 2.0. Kisanduku hicho ndicho kiini cha kazi yote.

Safisha feni kabla ya kuanza, maana joto la Pwani likikutana na vumbi huichosha mashine, na betri iwe imejaa ili umeme ukikatika kazi isivurugike. Washa laptopu huku ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo, uchague flashi. Ukiulizwa ufunguo wa bidhaa, jibu kwamba huna, kisha uchague toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Leseni halali ya Windows 10 iliyofungamana na mashine itatambuliwa ukiingia mtandaoni.

Microsoft haitoi dhamana ya masasisho kwa mashine hizi, ndiyo sababu nisingemshauri wakala wa forodha kuzitegemea ofisini. Toleo jipya la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe: tengeneza flashi upya kwa Rufus ya karibuni, ifungue ndani ya Windows, uendeshe setup.exe na uchague kubakiza faili na programu zako.