Jinsi ya kukikuta kicheko ndani ya kitabu cha darasani

Wengi wanaonijia na kitabu cha fasihi wanataka "uchambuzi": dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe. Wakiupata, kitabu chenyewe hawakifungui tena. Sisi wa Tabora hatuna kisingizio. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys, akarudi kufundisha St. Mary's mjini hapa, na mwaka 1969 tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi ikatoka. Hiyo ni futuhi, jamani. Shakespeare aliiandika watu wacheke.

Hatua ya kwanza: someni kwa sauti, mgawane wahusika. Wawili watatu wanatosha. Fungueni sehemu ya pili, onyesho la pili. Launcelot, mtumishi wa Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, anataka kumtoroka tajiri wake. Dhamiri inamwambia abaki, shetani anamwambia atimue mbio. Ukiisoma kimyakimya ni aya ndefu ya kuchosha. Mpe mtu mmoja azisome sauti zote mbili, uone. Kisha anaingia baba yake, mzee asiyeona vizuri, amebeba njiwa wa zawadi na anamtafuta mwanawe. Hamtambui. Launcelot anamwelekeza njia kwa kona zisizoeleweka, halafu anamwambia mwanao amefariki! Ni ukatili kidogo, ila sisi tunajua anayesema ni nani.

Hatua ya pili: soma kama mtani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hufika hata msibani, akamwigiza marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Jicho lake huwa mahali pamoja tu: pale mtu anapojikweza. Ingia kitabuni na jicho hilo.

Portia, binti tajiri katika Mabepari wa Venisi, analo. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la pili, amekaa na mtumishi wake Nerissa wanawapitia wachumba mmoja mmoja. Huyu hana habari nyingine ila farasi wake. Yule kununa tu. Mjerumani mlevi. Mwingereza hajui Kilatini, Kifaransa wala Kiitaliano, na kila vazi lake limetoka nchi tofauti, kama mtu aliyevaa gizani kwenye rundo la mitumba. Sasa kumbuka: aliyeandika ni Mwingereza, na watazamaji wake London walikuwa Waingereza. Wanajicheka wenyewe. (Uchambuzi wa kununua nje ya geti sijaona ukilisema hilo.)

Mnaosoma tamthiliya ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, mtazameni Lakunle. Ni mwalimu, anahubiri ustaarabu, mahari hataki kutoa kwa kuwa eti ni ushamba, na suti yake imembana. Hotuba ndefu, suti fupi. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili: huku andika anavyojisifu, huku andika tunavyomwona.

Hatua ya tatu: kipeleke kicheko hicho kwenye mtihani. Usiandike "inachekesha" ukaishia hapo. Andika: "Mwandishi anamkejeli Lakunle kwa kumvika suti inayombana huku akihubiri ustaarabu, na hivyo anakosoa usomi wa kuiga."

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Niko Urambo. Shylock naye nimcheke?*
Marahaba. Watazamaji wa zama zile walimcheka kwa Uyahudi wake, na hilo usilifiche. Lakini soma sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, anapouliza kama Myahudi hana macho. Hapo kicheko kinakwama kooni. Eleza kilipokwamia na kwa nini, tayari una hoja.

*Sisi huku Kasulu tunasoma tamthiliya ya Ngoswe. Mwisho wake ni majonzi, utani uko wapi?*
Karani wa sensa katumwa kuhesabu kijiji kizima, macho yake yanaishia kwa binti mmoja, Mazoea. Kisha karatasi za serikali zinachomwa moto na baba wa binti huyohuyo. Mwandishi, Edwin Semzaba, ametuchekesha njia nzima ndipo akatuumiza. Yaandike yote mawili.

*Mwalimu wetu hapendi tucheke darasani. Ujiji.*
Someni jioni, chini ya mwembe. Darasani peleka hoja.

*Mwalimu, mimi wa Nzega. Kitabu ni cha Kiingereza na Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Utani wote unanipita.*
Anza na maelezo ya jukwaani, yale ya herufi za mlazo. Ni mafupi, na yanakuonyesha nani kavaa nini na anafanya nini. Kisha msimulie rafiki yako onyesho hilo kwa Kiswahili au Kinyamwezi, akikuuliza "halafu?" ujue umelielewa. Kama ni The Lion and the Jewel, anzia pale chifu Baroka anaponyonyolewa nywele za kwapa na mkewe kipenzi. Hapo Kiingereza kidogo kinatosha.