Kupanga kompresheni na kemshafti ili injini itumie petroli ya kawaida bila kugonga

Wengi hununua pistoni kwanza, wakafuatia na kemshafti (shafti inayofungua valvu), na mwisho ndipo huuliza injini itatumia mafuta gani. Pangua utaratibu huo: anza na mafuta unayoyapata kila siku, chagua kemshafti kulingana na mzunguko wa injini unaotumia zaidi, kisha tafuta kompresheni (kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda) inayoendana nayo. Kugonga ni mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kuanzia kwenye plagi. Hesabu za hapa ni za injini isiyo na tabo, yenye kabureta au nozeli za kwenye manifoldi.

1. Pima ujazo wa chemba

Namba ya katalogi usiiamini, maana hedi iliyowahi kuskimiwa (kupunguzwa uso wake) imebadilika. Weka valvu na plagi, paka grisi nyembamba, funika chemba (shimo la kuunguzia mafuta kwenye hedi) kwa plastiki ngumu angavu yenye tundu, kisha jaza mafuta ya taa kwa bureti. Sirinji inaingiza mapovu na kila ukiijaza upya kosa linaongezeka. Pima chemba zote.

2. Piga hesabu ya uwiano

Chukua silinda ya kipenyo cha mm 86 na stroki ya mm 86: ujazo wake ni cc 499.6. Chemba cc 46, gasketi ya kipenyo mm 87 na unene mm 0.8 ikishabanwa cc 4.8, pistoni kuwa mm 0.2 chini ya uso wa bloku cc 1.2, mifuko ya valvu kwenye pistoni cc 3. Jumla ya nafasi iliyobaki ni cc 55. (499.6 + 55) ÷ 55 = 10.1.

Hapo umbali kati ya pistoni na uso bapa wa hedi ni mm 1.0, na uache hivyo. Kuweka gasketi nene ili kushusha kompresheni ni njia mbaya: mchanganyiko wa hewa na mafuta hausukumwi tena kwa nguvu kuelekea plagi, na injini inaweza kugonga licha ya uwiano kushuka. Punguza kwa kuchimba chemba au kutumia pistoni yenye bakuli.

3. Tafuta valvu ya kuingiza inafunga lini

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Pistoni ikianza kupanda, valvu ya kuingiza bado iko wazi, kwa hiyo kompresheni halisi haianzi mpaka ifunge. Kanuni ni hii: nusu ya dureshoni (digrii ambazo valvu hukaa wazi), jumlisha kitovu cha lobu ya kuingiza (digrii kutoka pistoni ikiwa juu kabisa hadi valvu inapoinuka kikomo), toa 180. Kemshafti ya digrii 260 yenye kitovu 110 inafunga digrii 60 baada ya pistoni kufika chini kabisa. Kwa konrodi ya mm 143, pistoni hubakiwa na mm 69.4 za kupanda, sawa na cc 403. (403 + 55) ÷ 55 = 8.3, na huo ndio uwiano wa kompresheni halisi.

Kosa kubwa ni kuchukua dureshoni iliyopimwa tapeti (kipande kinachosukumwa na lobu) ikiwa imeinuka mm 1.27, badala ya ile ya tangu valvu inapoachana na siti. Kemshafti hiyohiyo inaweza kuandikwa 220 kwa kipimo hicho; ukiitumia utapata kufunga digrii 40 na uwiano wa 9.3. Utaogopa bure, ununue pistoni za chini, na injini itakuwa nzito. Kama karatasi ya kemshafti haisemi imepimwa kwa kuinuka kiasi gani, muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Kwa petroli ya RON 95 (namba ya uwezo wa petroli kustahimili kugonga) napendelea uwiano halisi wa 8.0 hadi 8.5 kwa hedi ya alumini, na 7.5 hadi 8.0 kwa hedi ya chuma. Ukibadilisha kemshafti tu kwenye mfano huu, digrii 240 inatoa 8.9, ambayo ina hatari ya kugonga; digrii 280 inatoa 7.7, nayo itakuwa legelege mzunguko ukiwa chini na saileni yake (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) mbovu. Anayetaka 280 aongeze kompresheni, la sivyo abaki na 260.

Kumbuka pia: kwenye injini yenye kemshafti juu ya hedi, kuskimu hedi kunaichelewesha kemshafti, na valvu inafunga baadaye kuliko ulivyohesabu.

4. Funga kemshafti kwa digrii

Tafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa kwa kizuizi cha pistoni, siyo kwa alama ya puli. Tumia sahani ya digrii na geji ya saa. Kuwahisha kemshafti digrii 4 kunapandisha kompresheni halisi, kuichelewesha kunashusha; gia ya kurekebisha ina thamani kuliko kufunga kwa kubahatisha. Kagua nafasi ya valvu na pistoni kwa plastisini: mm 2 kwa kuingiza, mm 2.5 kwa kutoa.

5. Jaribu

Weka plagi ya baridi zaidi hatua moja, anza na taimingi ndogo (cheche isiwahi sana). Panda mlima kwa gia ya juu, mzunguko ukiwa chini, ukisikiliza. Kisha toa plagi: vidoa vya alumini kwenye kauri yake maana yake inagonga hata kama hukusikia. Punguza digrii 2 za taimingi, jaribu tena.