SOMO: Kupiga gitaa la Watuareg kwa gitaa kavu (lisilo la umeme)

Tinariwen ni bendi ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Kila mara naulizwa "kodi (noti zinazopigwa pamoja) za Tinariwen ni zipi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa.

1. Tyuni ya kawaida, kuanzia uzi mnene: E A D G B E.

2. Acha piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi). Kidole gumba na cha shahada vinatosha.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Muziki huu haubebwi na kodi zinazobadilika. Gumba linakaa kwenye uzi mnene wa E, wazi, likigonga tangu mwanzo hadi mwisho, huku cha shahada kikipiga melodi. Noti ni tano: E, G, A, B, D. Nyuzi zote sita zikiwa wazi tayari zimo humo. Ongeza freti (vyuma vya shingoni) ya 2 kwenye uzi wa D na wa G, freti ya 3 kwenye uzi wa B na wa E nyembamba. Onyo: melodi ikinoga, gumba husimama lenyewe. Likisimama, piga gumba peke yake mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Onyo la pili: usichomeke kodi ya C eti wimbo umepoa. Ukihamisha besi, yaani ile E nene ya gumba, umeupoteza wimbo.

4. Gawa kila pigo kwa tatu.

5. Kapo (kibano cha kubana nyuzi zote kwenye shingo la gitaa) iweke sauti yako inapofika.

MASWALI

Juma_Solo: Nitumie kodi za Tassili.
Jibu: Tassili ni albamu nzima ya Tinariwen, si wimbo mmoja. Soma hatua ya 3.

Kinanda77: Bila gitaa la umeme itatoka kweli?
Jibu: Hiyo Tassili ya 2011 ilirekodiwa jangwani Algeria kwa magitaa makavu, ikapata tuzo ya Grammy 2012. Itatoka.

Bi_Nyuzi: Mwalimu, mbona Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, naye alipiga kwa gumba na shahada?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Mkono unafanana, kazi ya gumba ni tofauti: la Bosco linafuata kodi, la Watuareg limetulia. Tafuta pia ngoma yao, tende, kinu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, wanawake wakiipiga huku wakipiga makofi na kuitikiana. Wasikilize Les Filles de Illighadad wa Niger: Fatou Seidi Ghali yuko kwenye gitaa, na tende ipo palepale. Piga gumba lako juu ya makofi yao.

Bi_Nyuzi: Asante! Kapo sina.
Jibu: Tumia penseli na mpira wa kufungia noti za pesa. Kaza vizuri, karibu na freti.