Mfuate jike: kutambua mimea pori inayolea vipepeo

Maua tuyaache kwanza. Kipepeo hunywa maua mengi yenye utamu, lakini mayai huyataga kwenye mmea ambao mtoto wake ataweza kula majani yake.

1. Mvua zikishashika, mtafute jike anayetaga. Hupepea chini chini, anagusa jani kwa miguu, anaruka, anagusa jingine. Miguu ndiyo inayoonja. Akikunja tumbo kwenye jani, funga kitambaa kwenye tawi hilo.

2. Geuza jani. Yai ni la milimita 1 hivi.

3. Sasa utambue mmea wenyewe. Jina peke yake halitoshi, maana Mgogo na Mrangi hawauiti sawa. Angalia jani, utomvu, ua na tunda. Kichaka cha majani mapana, ya kijivujivu, yanayotoa maziwa ukiyavunja ni *Calotropis procera*. Kiwavi wake ana milia myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za vipembe laini vyeusi: huyo ni mtoto wa kipepeo *Danaus chrysippus*. Maziwa yale yasikuingie machoni! Ndugu za mjohoro (*Senna*) humlea kipepeo *Catopsilia florella*. Vichaka vya *Boscia*, *Maerua* na *Cadaba*, ambavyo maua yake mengi ni nyuzinyuzi tu, ndiyo hazina yetu ya nyanda kame: hapo utawapata *Belenois aurota* na akina *Colotis*.

4. Hakikisha. Kumkuta kiwavi juu ya mmea si ushahidi; huenda anapita akitafuta pa kugeukia pupa, yaani hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo. Mlishe majani yale yale, kwenye kopo lililofunikwa chandarua, mpaka kipepeo atoke.

Maswali

*Kondoa:* Shikamoo mwalimu. Kwenye mlimau wangu kuna kinyesi cha ndege kinachotembea! Nipulize dawa?

Marahaba. Huyo ni *Papilio demodocus* mchanga. Akikua hugeuka kijani. Mguse kidogo, atatoa pembe mbili zenye harufu kali. Porini hula ndugu za mlimau, kama *Clausena anisata*. Dawa ya nini? Mche ukiwa mdogo, wahamishie mti mkubwa kwa mkono.

*Manyoni:* Viwavi wenye manyoya marefu je?

Wengi ni watoto wa nondo, na wanawasha, usiwashike. Ila wenye miiba iliyochanua usiwatupe: viwavi wa *Acraea* wako hivyo, na ni vipepeo kabisa.

*Mpwapwa:* Kiangazi kila kitu kimepukutika, nisubiri mvua?

Hapana. Kile kichaka cha maziwa hubaki na majani hata Septemba, tena kipo kando ya barabara. Anza nacho.