Panga za Asia ya Kusini-Mashariki: anza kuzitambua shingoni

Upanga wa zamani ukikufikia katika duka la Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, usiupe jina kwa kutazama mpini peke yake. Mpini huvunjika na kubadilishwa, na ala ndiyo kabisa. Anza shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, kisha shuka hadi ncha.

Keris ya Java hutanuka shingoni, upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo hukaa kipande cha chuma kiitwacho ganja, ambacho kwa kawaida hufuliwa peke yake kisha kuvikwa. Mkia uingiao mpinini ni wa mviringo, na mara nyingi hubanwa kwa kitambaa au nywele tu. Kwa hiyo usiinue keris kwa mpini huku ncha ikitazama chini, maana bapa huchopoka. Keris nyingi zimenyooka. Zenye mawimbi huhesabiwa kuanzia mpindo wa kwanza karibu na shingo, upande huu na ule kwa zamu hadi nchani. Jawabu huwa witri: 3, 5, 7, 9, 11, 13. Ukipata shufwa, rudia kuhesabu.

Kris ya Wamoro wa Mindanao na Sulu, kusini mwa Ufilipino, ni kubwa zaidi, nayo imetengenezwa ili ikate pia. Mkia wake una pembe ili mpini usizunguke, na shingoni huwa na vibanio vya shaba au fedha. Chunguza mstari wa ganja kwa kioo cha kukuzia. Katika kris za zamani ni kiungo cha kweli, nacho huonekana mpaka kwenye ukingo wa bapa. Nyingi zilizofuliwa baadaye, katika karne ya 20, zimechorwa mstari tu.

Barong ya Sulu ni rahisi: bapa kama jani, makali upande mmoja, mgongo mnene, mpini wenye kichwa cha kasuku. Kampilan hupanuka kuelekea nchani, na mpini wake umeachama kama kinywa. Mandau ya Wadayak wa Borneo ipapase pande zote mbili: upande mmoja umevimba, wa pili umebonyea kidogo.

Kosa lililo rahisi zaidi Lamu ni la dha ya Burma, yenye mpini mrefu wa mviringo na kinga ndogo au isiyo na kinga kabisa. Upanga mnyoofu wa Kiomani, tuliouzoea pwani, nao una mpini wa namna hiyo. Tazama makali: wa Kiomani unayo pande zote mbili, dha ina makali upande mmoja, na kwa kawaida bapa limepinda kidogo.

Usipige msasa hata kutu ikikukera. Michoro ya pamor kwenye keris hutokana na tabaka za chuma tofauti, nayo huonekana kwa kuoshwa na maji ya ndimu na aseniki. Msasa huifuta. Paka mafuta mepesi kwa brashi laini, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani aseniki ni sumu.