Pimeni visima kabla ya katapila: mwongozo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Mradi wa nyumba unapotangazwa kwenye uwanja wa majani ulio juu ya kartie yenu, tafuteni kwanza tarakimu moja: maji ya ardhini yanapanda hadi wapi majira ya mvua yanapokaribia kwisha. Mashimo ya vyoo, mifereji na misingi ya nyumba, vyote vinaitegemea, na haipatikani kwa siku moja.

Lubumbashi mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Maji ya ardhini huifuata kwa kuchelewa: Oktoba kisima kiko chini kabisa, Machi kimepanda. Kwa hiyo kipimo cha Septemba, hata kikiwa na mhuri, hakisemi lolote juu ya choo kitakachofurika Machi. Mkipata ripoti ya mradi, someni kwanza tarehe ya vipimo.

Chagueni visima vitano hivi: viwili juu ya uwanja, vitatu chini yake, upande mteremko unakoelekea. Pigeni alama ya rangi kwenye ukingo wa kila kimoja, na kila kipimo kianzie hapo. Fungeni uzito mdogo kwenye mita ya fundi, pakeni chaki sehemu ya mwisho, kisha ishusheni: chaki iliyolowa itaonyesha mstari wa maji. Kukisia kwa mlio wa jiwe hakufai. Pimeni alfajiri, kabla ya ndoo ya kwanza, maana kisima kilichotekwa huchukua saa kadhaa kurudi. Mara moja kwa wiki yatosha. Andikeni tarehe, saa, kina, na urefu wa ukingo juu ya ardhi. Huo wa mwisho ndio husahauliwa: kina cha mita 2.80 kwenye ukingo wa sentimita 80 maana yake maji yako mita 2 tu chini ya miguu yenu.

Sasa linganisheni na vyoo vya mradi. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji, na shimo liwe mita 30 kutoka kisima. Maji yakiwa mita 2 chini, shimo haliwezi kuzidi nusu mita! Fosi septiki (tangi la kupokea maji machafu ya choo) pekee haimalizi tatizo, kwa sababu maji yake lazima yanyonywe na udongo mahali fulani. Jaribuni udongo huo: chimbeni shimo la sentimita 30 kwa 30, lijazeni maji usiku kucha, asubuhi lijazeni tena na kuhesabu muda. Maji yakichukua zaidi ya saa 1 kushuka milimita 25, udongo haunyonyi vya kutosha. Wanaoruka hatua ya kulowesha hudanganyika, kwani udongo mkavu hunywa haraka mwanzoni.

Maji ya juu ni hesabu nyepesi. Mvua ya milimita 50 kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 500. Uwanja wa majani ukiachia sehemu moja kwa tano, zinateremka 100; mabati, saruji na barabara zilizoshindiliwa zikiachia asilimia 60, zinateremka 300. Kwa hekta 5 mmeongezewa mita za ujazo 1,000. Bwawa la kuzizuia, lenye kina cha mita 1, linahitaji mita 20 kwa 50 za ardhi. Liangalieni kwenye ramani. Na kitako chake kikiwa chini ya maji ya Machi, bwawa litajaa kabla mvua haijanyesha.

Kisha fuateni mfereji kwa miguu mvua ikinyesha, hadi mtoni. Pimeni bomba jembamba kuliko yote linalopita chini ya barabara, maana hilo ndilo linaloamua. Ramani nyingi huishia kwenye mpaka wa mradi, na maji hayajui mpaka.

Sheria ya mazingira ya Kongo, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inadai utafiti wa athari kwa mazingira na jamii kwa miradi inayoweza kuyadhuru, na uchunguzi wa umma kabla ya kazi. Andikeni barua kwa Kifaransa, kurasa mbili, jedwali la visima mbele na malalamiko nyuma. Ombeni mambo matatu: vipimo vya Februari hadi Aprili, hesabu ya maji hadi mtoni, na jina la atakayezoa mchanga bwawani kila mwaka. Nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa kwenye ofisi ya komini. Daftari lenyewe msilitoe. Toeni fotokopi, na endeleeni kupima kazi ikianza.