Namna ya Kuondoa Oili Iliyomwagika Kwenye Sakafu ya Zege

Oili ya injini ikimwagika kwenye sakafu ya gereji au mahali pa kuegesha gari, wengi hukimbilia ndoo ya maji, na hapo ndipo doa linapoongezeka. Zege lina vinyweleo vinavyonyonya mafuta, na maji huitawanya oili kabla haijazolewa. Isitoshe, kwa walio Moshi, mji huo wa Kilimanjaro umekaa kwenye mteremko, kwa hiyo kinachoingia mtaroni huelekea bondeni, na huko mpunga wa vijiji vya Mabogini na Chekereni hutegemea maji ya mito ya Rau na Njoro. Oili haina budi kuishia hapo hapo ilipomwagika.

Chukua unga wa mbao kwa fundi seremala, ule laini unaoachwa na msumeno, kwa kuwa hunyonya vizuri kuliko maranda. Mchanga mkavu au majivu yaliyopoa pia hufaa. Zungushia kingo kwanza, ndipo ufunike katikati, ukanyagekanyage kwa kiatu na uache hadi kesho yake. Ukiufagia na kuukuta mweusi wenye unyevu, mwaga mwingine, mpaka utoke na rangi yake ya kawaida.

Kisha nyunyiza sabuni ya unga, ongeza maji ya moto kidogo tu, usugue kwa brashi ngumu ya plastiki, kwani ya waya huacha vipande vinavyoshika kutu. Povu jeusi lizolewe kwa matambara, lisisukumwe mtaroni.

Doa la zamani huhitaji subira. Changanya chokaa kavu na mafuta ya taa hadi upate uji mzito, uupake juu ya doa, ufunike kwa nailoni na uache usiku kucha: mafuta ya taa huyeyusha oili, chokaa huivuta juu. Vaa glavu, acha milango wazi, na pasiwe na moto karibu. Petroli isitumike kabisa, maana mvuke wake huwaka upesi mno. Asidi nayo hula saruji bila kuyeyusha oili.

Taka zote zitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko, wala zisifukiwe migombani.

Sakafu ikikauka, dondosha maji kidogo palipokuwa na doa. Yakisimama kama shanga, oili ingali ndani, na rangi ukiipaka itabanduka, rudia chokaa. Yakinywewa, umemaliza sakafu, umebakiwa na gari: tandika boksi chini ya injini usiku, na asubuhi matone yatakuonyesha fundi aanzie wapi.